Reli ya Talyllyn na Watu Walioitunza Bila Mshahara

Mwenye mali afapo, kabla ya matanga kuondolewa huwapo swali ambalo kila mtu analo moyoni na hakuna apendaye kulitamka: ni nani atakayeubeba mzigo aliouacha? Swali hilo liliingia katika mji mdogo wa Tywyn, ulio pwani ya magharibi ya Wales huko Uingereza, tarehe 2 Julai 1950, siku aliyofariki Sir Haydn Jones. Mzee huyo alikuwa mbunge wa wilaya ya Merioneth kwa miaka 35, tangu 1910 hadi 1945. Pamoja na siasa alimiliki reli ndogo ya kubebea mawe, ambayo kwa miaka mingi haikumletea faida yoyote ya maana. Aliwahi kuahidi kwamba maadamu yu hai gari moshi litakwenda. Ahadi hiyo aliitimiza. Lakini ahadi ya namna hiyo huzikwa pamoja na mwenye kuitoa.

Reli yenyewe huitwa Talyllyn. Urefu wake ni kilomita 12 kasoro kidogo, nayo hutoka Tywyn karibu na bahari ikapanda bonde la kijani hadi milimani. Upana wa njia, yaani nafasi iliyopo baina ya chuma na chuma, ni milimita 686 tu. Msomaji aliyezoea reli ya kwetu ya Afrika ya Mashariki, yenye upana wa mita moja, ambayo wageni huiona kuwa nyembamba, na aondoe karibu theluthi ya upana huo. Hapo ndipo atakapoiona Talyllyn ilivyo.

Chanzo chake ni vita vilivyopiganwa mbali. Kati ya 1861 na 1865 Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na pamba ya majimbo ya kusini ikakoma kufika katika viwanda vya Manchester. Matajiri wa pamba, miongoni mwao William McConnel, walianza kutafuta mahali pengine pa kutia fedha zao. Katika 1864 walipata machimbo ya Bryn Eglwys, juu ya kijiji cha Abergynolwyn. Humo yalichimbwa mawe meusi yapasukayo vibao vyembamba, ambayo Waingereza waliyatumia kuezekea nyumba. Wazee wetu walioanza shule kwa kuandika juu ya kibao cha jiwe wanaijua aina hiyo ya jiwe. Tatizo lilikuwa ni kuyashusha mawe hadi pwani. Hivyo Bunge likapitisha sheria katika 1865 na reli ikajengwa, ikiwa ya kwanza ya njia nyembamba katika Uingereza kupewa tangu mwanzo ruhusa ya kisheria ya kuchukua abiria kwa nguvu za mvuke.

Ruhusa ni kitu kimoja, na ukaguzi ni kitu kingine. Katika 1866 serikali ilimtuma mkaguzi, Kapteni Tyler, ofisa wa wahandisi wa jeshi. Yeye alipima madaraja yapitayo juu ya njia, akaona kwamba behewa likiwa chini ya daraja, nafasi inayosalia kila upande haifiki futi mbili, ilhali kanuni ilitaka futi mbili na nusu. Behewa likikwama hapo na moto ukazuka, abiria asingeweza kutoka. Kubomoa madaraja yote na kuyajenga upya kungaligharimu fedha nyingi mno. Basi ikapatikana hila ya kistadi: milango yote ya upande mmoja wa mabehewa ikafungwa moja kwa moja, na njia chini ya kila daraja ikasogezwa kando ili nafasi ya kutosha ipatikane upande wenye milango. Hadi leo abiria wa Talyllyn hupanda na kushuka upande mmoja tu, na wengi hawajui kwamba wanatii amri ya kapteni wa karne ya kumi na tisa.

Kwa wenyeji reli hiyo ilikuwa sehemu ya maisha ya nyumbani. Ilipofika Abergynolwyn, mabehewa ya mizigo yaliteremshwa kwa kamba kwenye mteremko mkali hadi kijijini, na kutoka hapo vijia vidogo vya reli vilipita nyuma ya nyumba za wachimba mawe. Mama wa nyumbani alipokea makaa yake ya kupikia karibu na mlango wa jiko. Katika vituo vidogo visivyo na karani, gadi aliuza tiketi kwa kupitia dirisha lililokatwa ubavuni mwa behewa lake.

Biashara ya mawe ilidhoofika. Kampuni ya McConnel ilijitoa, na katika 1911 Haydn Jones akanunua machimbo na reli, zaidi kwa kuwahurumia watu wa kijiji waliokuwa karibu kukosa kazi kuliko kwa tamaa ya faida. Alilipa mishahara, lakini hakuwa na fedha za kutengeneza njia. Tarehe 26 Desemba 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, na kazi ya kuchimba ikakoma kabisa. Mwaka 1948 ulipoanza, serikali ya Uingereza ilitaifisha njia kuu za reli za nchi, pamoja na nyingi zilizokuwa ndogo. Talyllyn haikuwamo katika orodha. Ilibaki peke yake, haina mawe ya kubeba wala serikali ya kuitunza, na mwenyewe amekwisha kuwa mzee wa miaka themanini na zaidi.

Hapa anaingia mtu aliyeitwa Tom Rolt. Kwa kazi alikuwa mhandisi, kisha akawa mwandishi wa vitabu, na kwa miaka kadhaa aliishi ndani ya mashua katika mifereji ya Uingereza. Alipata kushiriki katika kuanzisha chama cha kuokoa mifereji hiyo, kwa hiyo alijua kwamba raia wakiungana wanaweza kukifufua kitu ambacho serikali imekitupa. Katika 1949 aliandika barua katika gazeti la Birmingham Post, akauliza kama wako watu watakaojali yatakayoipata Talyllyn. Baada ya kifo cha Sir Haydn mkutano uliitishwa katika hoteli moja mjini Birmingham, tarehe 11 Oktoba 1950. Watu wapatao 70 walihudhuria. Wakaunda chama, na mjane wa marehemu akakubali kuiweka reli chini ya uangalizi wao badala ya kuiuza kama chuma chakavu. Jambo hili la mjane halitajwi sana katika masimulizi, nalo lastahili kutajwa. Vyuma vya reli vilikuwa na bei nzuri wakati ule, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kuchukua fedha zake.

Kwa wengi lilikuwa wazo la kuchekesha. Hapajapata kuwako, mahali popote duniani, reli ya abiria iliyookolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Waliokuwa tayari kufanya hivyo walikuwa makarani, wenye maduka, walimu na wanafunzi, na wengi wao waliishi zaidi ya kilomita 100 kutoka Tywyn. Kwa bahati njema hawakuachiwa peke yao. Edward Thomas, aliyekuwa meneja wa Sir Haydn na aliyeitumikia reli hiyo tangu ujana wake, aliwaunga mkono, na bila maarifa yake wageni hao wangalishindwa mapema.

Gari moshi la kwanza chini ya chama liliondoka tarehe 14 Mei 1951. Lilikwenda sehemu fupi tu ya njia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema kwamba sehemu iliyosalia ni salama. Reli ilikuwa na injini mbili zake yenyewe, zote za kiwanda cha Fletcher Jennings. Ile iitwayo Talyllyn, ya mwaka 1864, ilikuwa imelala haina uwezo wa kwenda. Ile ya pili, Dolgoch, ya mwaka 1866, ndiyo pekee iliyokuwa na pumzi. Majira yote ya kiangazi yalimtegemea bibi kizee huyo wa miaka 85. Kama angalivunjika asubuhi moja, hakuna ajuaye kama chama kingaliuona mwaka wa pili.

Hali ya njia yenyewe ilitisha kuliko injini. Mataruma yalikuwa yameoza kiasi kwamba misumari haikushika kitu. Palikuwa na mahali ambapo vyuma vilizuiliwa visiachane kwa nguvu za majani na udongo tu. Aliyefyeka kwa bidii nyingi kupita kiasi aliweza kuiharibu njia badala ya kuitengeneza. Mwenye kujitolea aliyefika akiwa na ndoto ya kusimama mbele ya moto na kupiga honi, mara nyingi alikabidhiwa sururu na kupelekwa kubadilisha mataruma katika mvua ya Wales, nayo ni mvua isiyo na huruma.

Karibu na hapo palikuwa na reli nyingine, Corris, iliyofungwa mwaka 1948, na upana wa njia yake ulikuwa sawasawa na wa Talyllyn. Injini zake mbili za mwisho zilikuwa zimehifadhiwa. Chama kilizinunua mwaka 1951 kwa pauni 25 kila moja. Moja ikapewa jina la Sir Haydn na ya pili Edward Thomas. Furaha haikudumu. Njia ya Talyllyn ilikuwa imetanuka, na tangu zamani ilitandazwa pana kidogo kuliko kipimo chake. Magurudumu ya Sir Haydn yalikuwa membamba, basi injini ilipojaribiwa ikawa inatumbukia katikati ya vyuma. Ikarudishwa bandani kungoja njia itengenezwe. Edward Thomas ilitengenezwa na kiwanda cha Hunslet bila malipo, ikaanza kazi mwaka 1952, ndipo Dolgoch ilipopata msaidizi wa kweli.

Wasomaji walio katika majeshi watapenda kujua kwamba wenzao nao walikuwamo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wahandisi wa jeshi la akiba la Uingereza walipiga kambi na kutandaza upya sehemu ya njia, ikiwa ni mazoezi yao ya kazi. Askari walipata mahali pa kujifunzia, nayo reli ikapata njia iliyonyoka. Hakuna aliyepata hasara. Hata injini ya sita ilitoka jeshini. Ilijengwa katika 1918 na ikafanya kazi kwenye kituo cha jeshi la anga huko Calshot, kisha kampuni iliyoinunua ikaitoa zawadi. Magurudumu yake yalibadilishwa ili yalingane na njia ya Talyllyn, na katika 1954 ikaanza kuvuta abiria kwa jina la Douglas.

Miongoni mwa waliofika kujitolea katika 1952 alikuwa padri wa kanisa la Anglikana, Wilbert Awdry, ambaye tayari alikuwa akiandika hadithi za watoto kuhusu injini zenye nyuso na tabia za watu. Alipewa kazi ya gadi. Siku moja alipeperusha bendera ya kijani akamwacha nyuma kituoni mama aliyeuza vinywaji na vitafunio. Aibu hiyo hakuificha. Aliifanya hadithi, na tangu 1955 reli ya Talyllyn ikaonekana katika vitabu vyake kwa jina jingine. Watoto wengi waliopata kuishika karatasi ya kitabu hicho waliijua reli hiyo kabla ya kujua Wales iko wapi. Sinema nayo ilisaidia: ile ya mwaka 1953 iitwayo The Titfield Thunderbolt, juu ya wanakijiji wanaookoa reli yao, ilitokana kwa sehemu na yale ambayo mtungaji wake aliyaona Tywyn.

Abiria waliongezeka. Kiangazi cha kwanza walikuwa zaidi ya 15,000. Katika 1973 walizidi 180,000. Ongezeko hilo lilileta shida zake. Injini ya Talyllyn ilipelekwa kiwandani kufanyizwa karibu upya, ikarudi 1958. Dolgoch nayo ilitolewa kazini kwa miaka mingi, ikarejea 1963. Kisha chama kikaamua kuiongeza njia ya abiria. Tangu zamani abiria walishukia Abergynolwyn, na sehemu ya mwisho ilikuwa ya mawe peke yake. Watu wa kujitolea walivunja mwamba, wakajenga kituo katika bonde jembamba la Nant Gwernol, na tarehe 22 Mei 1976 gari moshi la abiria likafika huko. Kazi hiyo ilichukua miaka, kwa maana ilifanywa zaidi siku za mapumziko, na watu ambao siku nyingine walikuwa kazini kwao.

Jumba la makumbusho lilizaliwa katika miaka hiyohiyo ya 1950. Reli nyingi nyembamba za machimbo na viwanda zilikuwa zikifungwa, na vyombo vyake vikikatwakatwa. Watu wa Tywyn walianza kuvikusanya kabla havijaisha. Katika 1956 kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin kilitoa injini yake moja, ambayo mitambo yake iliwekwa juu, mbali na uchafu wa ardhini. Ghala la zamani kwenye kituo cha Tywyn likawa nyumba ya kwanza ya vitu hivyo. Jumba jipya lilifunguliwa rasmi na Mwanamfalme Charles mwezi wa Julai 2005. Ndani yake kuna injini ya machimbo yenye tangi la mvuke lililosimama wima kama pipa, kuna alama, tiketi na vyombo vya mafundi, na kuna chumba cha kuandikia cha Padri Awdry, kikiwa na meza na vitabu vyake.

Mgeni kutoka Afrika ya Mashariki akiingia humo na asimame mbele ya kijinjini kimoja kiitwacho Dot. Kilijengwa mwaka 1887 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, kwa ajili ya kuzungukia ndani ya kiwanda chake chenyewe kwenye njia ya upana wa milimita 457. Mtu mrefu akikaa juu yake angaonekana kama amepanda punda wa mtoto. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyojenga katika 1955 na 1956 zile injini 34 za aina ya 59 zilizopewa majina ya milima yetu, zenye uzito wa tani zipatazo 250, ambazo zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda hadi Nairobi. Mmoja wa majitu hayo, Mount Gelai, umehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971. Ndugu wawili wa nyumba moja, na kila mmoja amestaafia kwake.

Mfano wa Talyllyn ulifuatwa upesi. Reli ya Ffestiniog, huko huko Wales, ilifufuliwa na watu wa kujitolea ikaanza tena kuchukua abiria katika 1955, na ile ya Bluebell, kusini mwa Uingereza, katika 1960. Leo Uingereza ina reli zaidi ya mia moja za namna hii. Katika Julai 2021 shirika la UNESCO liliiweka nchi ya mawe ya kaskazini-magharibi ya Wales katika orodha ya urithi wa dunia, na machimbo ya Bryn Eglwys, kijiji cha Abergynolwyn na reli ya Talyllyn vimo.

Sifa hizo hazinunui makaa. Machimbo ya Ffos-y-fran, ya mwisho makubwa kutoa makaa ya mvuke huko Wales, yalifungwa katika Novemba 2023, na sasa reli za mvuke za Uingereza hutegemea makaa yaletwayo kwa meli kutoka nchi za mbali au yaliyotengenezwa kwa kuchanganya vitu mbalimbali. Tangi la mvuke la kila injini lazima lifunguliwe na kukaguliwa kwa muda uliowekwa na sheria, na gharama yake ni kubwa. Watu wachache wameajiriwa kwa mshahara, hasa katika karakana na ofisi; wengine wote ni wa kujitolea, nao huzeeka. Wale waliobadilisha mataruma mwaka 1951 wamekwisha kuondoka karibu wote.

Kwa hiyo chama huanza na watoto. Ziko siku ambazo wazazi huja na watoto wao, na watoto hao hupewa kazi wanazoziweza: kupaka rangi, kupalilia bustani za vituo, kusafisha shaba. Akikua, kijana anayetaka kuendesha injini hupitia daraja zote bila upendeleo. Huanza kuwa msafishaji, akafundishwa kuchochea moto, akatahiniwa. Na udereva huja baada ya miaka mingi, kwa wale ambao hawakuchoka. Karani wa benki huweza kusimama chini ya amri ya fundi bomba, na mwalimu akasahihishwa na mwanafunzi wake wa zamani. Asiyeweza kuvumilia hilo hurudi nyumbani mapema.

Injini ya Talyllyn na ile ya Dolgoch bado zimo katika kundi la reli hiyo. Mabehewa manne ya kwanza na lile la gadi, lenye dirisha la tiketi, yangali yakitumika, na milango ya upande ule mmoja haijafunguliwa. Siku za safari, wa kwanza kufika bandani Pendre ni msafishaji na mchochea moto. Huondoa majivu ya jana, huangalia kimo cha maji, kisha huwasha kuni chini ya makaa saa kadhaa kabla ya abiria wa kwanza kuja kununua tiketi.